Atomi za Baridi na Soko la Mahindi

Mkulima wa Berega aliyevuna mahindi ana njia kadhaa za kuyauza: mnunuzi anayepita kijijini, wafanyabiashara wa Gairo, au soko kubwa la Kibaigwa. Kila anapochagua, anaongeza uzi mmoja katika mtandao wa biashara. Kwa nini basi nyuzi nyingi huweza kuishia mahali pamoja?

Jibu mojawapo limetoka katika fizikia ya kwanta. Mwaka 1924 Satyendra Nath Bose, akiwa Dhaka, alionyesha namna mpya ya kuhesabu chembe za mwanga. Albert Einstein akaiendeleza: atomi za aina fulani zikipozwa vya kutosha, nyingi hujikusanya katika ngazi moja, ile yenye nishati ndogo kabisa. Mwaka 1995 Eric Cornell na Carl Wieman walilishuhudia jambo hilo huko Boulder, Marekani, kwa atomi za rubidi.

Mwaka 2001 Ginestra Bianconi na Albert-László Barabási, wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, walionyesha kwamba hesabu hiyo hiyo inaeleza mitandao inayokua. Kila kituo huchukuliwa kama ngazi ya nishati, na kila kiungo kama chembe iliyokaa juu yake. Kituo chenye mvuto zaidi, tuseme soko lenye bei nzuri na mizani ya haki, huhesabiwa kuwa na nishati ndogo.

Kinachofuata hutegemea jinsi mvuto ulivyogawanyika. Mara nyingi kituo bora hukua kuliko vingine, hata kikichelewa kuanza, lakini vingine navyo hubaki na sehemu yao. Katika migawanyo fulani, kituo kimoja hushikilia fungu kubwa la viungo vyote, hata mtandao ukue kiasi gani. Mahindi hayajawa atomi. Kinachofanana ni hesabu.

Hapo ndipo penye onyo. Mtandao uliokusanyika mahali pamoja huyumba mahali hapo pakiyumba. Reli haikui kama soko, lakini Kilosa inaijua hatari hiyo: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 yalipobomoa reli ya kati, safari za treni kati ya Dar es Salaam na mikoa ya magharibi zilikatika kwa miezi. Kwa hiyo ushirika wa wakulima usiulize tu nani analipa vizuri leo. Uulize pia: huyo akifunga mlango, tutauza wapi?