Aliyeungua moto: tunza mpira wa mkojo na dripu

Hapa kambini moto uko karibu na watoto kila siku: mafiga matatu, sufuria ya maharage, kibatari usiku. Mtu akiungua sehemu kubwa ya mwili, hospitalini huwekewa dripu na mara nyingi mpira wa mkojo. Watu huuliza: ameungua kifua, mpira wa mkojo wa nini?

Ngozi iliyoungua haizuii tena maji ya mwili yasipotee. Hupotea mengi, hasa katika saa 24 za kwanza. Ili kujua kama dripu inatosha, mkojo hupimwa kila saa. Mtu mzima wa kilo 60 anatakiwa atoe angalau mililita 30 hivi kwa saa.

Lakini ngozi pia ni ukuta unaozuia vijidudu. Ukuta huo umebomoka, na mpira na dripu ni njia nyingine za kuingilia ndani. Vijidudu vikipita hapo vitafika kwenye kibofu au kwenye damu.

Wodini tunaona sana jambo moja, nalo ni aibu. Wageni wakija Jumapili kumwombea mgonjwa, ndugu huinua mfuko wa mkojo na kuuficha kitandani chini ya shuka. Hapo mkojo hurudi kwenye kibofu na vijidudu vyake. Uacheni uning'inie chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu. Mkiona haya, ufunikeni kwa kitenge. Akipelekwa kubadilishiwa bandeji, mfuko ubebwe ukiwa chini vilevile.

Mkiombwa kumwaga mkojo, nawa kwa sabuni kabla na baada. Kila mgonjwa awe na kopo lake, msiazimane. Usichomoe mfuko kwenye mpira. Wageni nao wanawe, wasikae kitandani.

Dripu ikiuma, mkono ukivimba, pakitoka usaha au bandeji yake ikilowa, mwite muuguzi mara moja, hata usiku. Mwite pia kwa homa, kutetemeka, maumivu chini ya kitovu, au mkojo ukikoma au ukiwa na damu.

Kila asubuhi muulizeni muuguzi: mpira bado unahitajika? Si utovu wa adabu. Kadiri unavyokaa siku nyingi ndivyo hatari inavyoongezeka. Ila msiutoe wenyewe. Ndani ya kibofu una puto lililojazwa maji, na ukivutwa huchana njia ya mkojo.