Moto Ndani ya Hema: Moshi Upewe Njia

Hema ni nyumba ya nguo. Moto na nguo si marafiki. Kila mama aliyewahi kutobolewa kanga yake na cheche analijua jambo hilo.

Hata hivyo, katika nchi za baridi kali kama Ufini na Kanada, wako watu wanaolala ndani ya hema huku jiko la kuni likiwaka. Huko, majira ya baridi yakifika, maji ya ziwa huganda na theluji hufunika ardhi. Mtu anayetembea porini siku nyingi hubeba hema lake mgongoni. Jioni anataka kukausha nguo na kuota moto.

Wanakisomo wetu waliona picha ya hema lenye bomba la moshi. Wakatuuliza: "Mbona haliungui?" Ni swali zuri. Lakini liko swali la pili, tena kubwa zaidi: kwa nini watu wengine hufa ndani ya hema ambalo halikuungua hata kidogo? Leo tutayajibu yote mawili. Jibu la pili linatuhusu hata sisi tulalao katika nyumba za matofali na bati.

JAMBO HILI NI LA ZAMANI

Wenyeji wa nyanda za Marekani walikaa katika mahema ya ngozi yenye umbo la msonge. Moto uliwaka katikati, na juu waliacha tundu la kutokea moshi. Mwaka 1856 ofisa mmoja wa jeshi la Marekani, Henry Hopkins Sibley, alipewa hati ya uvumbuzi wa hema la turubai lililofanana na hayo. Baadaye lilipatikana jiko la bati lenye bomba, ambalo nalo huitwa kwa jina lake.

Jeshi la Ufini nalo hutumia mahema makubwa yenye jiko katikati. Wenzake wakilala, askari mmoja hukaa macho. Kazi yake ni kuchochea kuni na kuangalia moto. Wao humwita "kipinämikko". Neno "kipinä" kwa lugha yao ni cheche. Hukaa kwa zamu mpaka asubuhi. Kumbe hata wenye ujuzi hawauachi moto peke yake!

HEMA GANI LINAFAA?

Mahema mengi ya kubeba mgongoni hayafai. Kwanza, ni mafupi. Jiko likiwekwa ndani, ukuta unakuwa karibu mno. Pili, yameshonewa sakafu ya nailoni. Tatu, nailoni na poliesta haziwi majivu kama pamba. Huyeyuka, na zikidondoka hugandia mwilini na kuunguza vibaya. Nailoni huyeyuka kwenye joto la nyuzi 215 mpaka 265 hivi za Sentigredi. Bomba la jiko lenye moto mkali hupita hapo.

Linalofaa ni hema refu la msonge, lenye mti mmoja katikati, lisilo na sakafu. Jiko lake ni dogo, la bati jembamba, lenye miguu. Mengine hukunjwa na kubebwa mgongoni.

NAMNA YA KULIREKEBISHA

1. Simamisha hema, kisha weka jiko mahali pake. Liwe mbali na ukuta kwa nusu mita au zaidi. Lisikae kati ya mlango na mahali pa kulala. Moto ukizuka, mtapita wapi?

2. Tafuta mahali bomba litakapotokea. Teremsha uzi wenye kijiwe kutoka kwenye paa mpaka kwenye jiko, kama fundi mwashi anavyotumia timazi. Tia alama.

3. Shona kiraka cha kitambaa kisichoshika moto. Hutumika kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa silikoni. Kiwe na sentimeta 30 kila upande. Shona kwanza, kata baadaye. Ukitanguliza kukata, nguo itavutika na tundu litakwenda upande.

4. Kata nguo ya hema iliyo nyuma ya kiraka, ili ibaki mbali na bomba kwa upana wa kiganja. Kisha toboa kiraka katikati. Kwa kuwa paa limeinama, tundu liwe na umbo la yai. Bomba lipite bila kubanwa.

5. Shonea kifuniko juu ya tundu, cha kufungia mvua siku ambayo jiko halitumiki. Siku ya moto, kifuniko hicho kikunjwe na kufungwa mbali na bomba.

6. Bomba lipite juu ya kilele cha hema, ili moshi uvutwe vizuri. Lifungwe kwa waya lisiangushwe na upepo. Mdomoni liwekewe wavu wa chuma wa kuzuia cheche. Wavu huo usafishwe mara kwa mara. Masizi yakiuziba, moshi utarudi ndani.

7. Jiko jipya liwashwe kwanza nje, mafuta ya kiwandani yaungue. Wala usitengeneze jiko kwa bati lililopakwa zinki. Likipata moto mkali hutoa moshi wa sumu.

8. Acha hewa iingie chini na itoke juu. Weka kisu karibu na unapolala. Hema likishika moto, pasua ukuta utoke. Hema hununuliwa tena.

SUMU ISIYOONEKANA

Sasa tulijibu lile swali la pili. Moto usiopata hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ukiivuta, huingia katika damu na kukamata nafasi ya oksijeni. Tena huing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inazunguka, lakini haibebi hewa ya uhai.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliyekwisha kulala hazioni dalili hizo. Hulala moja kwa moja.

Ndiyo maana bomba si pambo. Ndiyo maana hata mwenye bomba huacha matundu ya hewa. Wengi huongeza kengele ndogo ya betri inayolia gesi hiyo ikizidi.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mtu husema: "Kuni zina moshi, basi niingize makaa, hayana moshi." Ndugu, makaa mekundu ndiyo hutoa gesi hiyo kwa wingi. Moshi wa kuni hukufukuza kwa kukutoa machozi. Makaa hukubembeleza ulale.

NA SISI JE?

Hatuna theluji vijijini kwetu. Lakini mwezi wa Juni na Julai, baridi ya Makete, Njombe na Lushoto si ya mchezo. Jioni jiko la mkaa huingizwa chumbani, mlango unafungwa, na nguo zinazibwa kwenye nyufa za dirisha. Watoto wanalala humo. Chumba hicho hakina tofauti na hema lisilo na bomba.

Basi tufanye hivi. Tuote moto jikoni au barazani, kisha jiko libaki nje tunapokwenda kulala. Tuongeze blanketi badala ya makaa. Jikoni tuweke bomba la moshi au dirisha la juu.

Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua mlango na mtoe nje upesi. Usikawie ndani, nawe usije ukaanguka. Kisha apelekwe hospitali, hata kama amezinduka.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini kiraka hushonwa kabla ya kukata tundu?
2. Makaa hayana moshi. Kwa nini basi ni hatari chumbani?
3. Nyumbani kwako moshi hutokea wapi, na hewa huingilia wapi? Nenda ukaangalie leo kabla ya kulala.