Katika Bahari ya Umm Haram: Maandalio ya Likizo ya Matanga Kisiwani Kupro

Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alipokuwa akienda Quba, alikuwa na ada ya kumzuru Umm Haram binti Milhan, ndugu wa mama yake Anas bin Malik. Siku moja alilala nyumbani kwake, kisha akaamka hali anacheka. Bibi yule alipomwuliza sababu, akamweleza kwamba ameonyeshwa watu wa umati wake wakipanda bahari katika njia ya Mwenyezi Mungu, wamekaa mfano wa wafalme juu ya vitanda vya enzi. Umm Haram akamtaka amwombee awe miongoni mwao, naye akamwombea.

Miaka ikapita. Sayyidna Umar hakuridhia majeshi ya Kiislamu yavuke bahari, kwa kuwachelea watu. Sayyidna Uthman ndiye aliyetoa idhini, na katika mwaka wa 28 Hijria (649), na wengine husema 27, Muawiya alitoka pwani ya Sham na merikebu kuelekea kisiwa cha Kupro, ambacho Waarabu hukiita Qubrus. Umm Haram alikuwamo chomboni pamoja na mumewe, Ubada bin Samit. Bahari ikawavusha salama. Waliposhuka, bibi yule akapandishwa juu ya mnyama, akaanguka, akafa. Kaburi lake linajulikana mpaka leo kando ya ziwa la chumvi la mji wa Larnaca, penye msikiti uliojengwa zama za utawala wa Waturuki.

Tumekianza kisa hiki kwa sababu baadhi ya jamaa zetu waishio Uingereza na kwingineko Ulaya wamezoea kutoka na watoto wao wakati wa likizo, na wako watamanio kukodi mashua ya matanga na kuzunguka kisiwa cha Bahari ya Kati. Sisi hatuoni lawama katika hayo. Dini yetu haikukataza starehe iliyo halali, wala bahari haikuumbwa kwa ajili ya wengine tu. Tuulizacho ni hiki: je, safari hiyo imepangwa, au imetamaniwa tu? Maana hayo ni mambo mawili mbalimbali, na bahari huyapambanua upesi.

Tukitazame basi kisiwa chenyewe. Kupro ni cha tatu kwa ukubwa katika bahari ile, baada ya Sicily na Sardinia. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 240, na upana wake, mahali palipo papana kabisa, wapata kilomita 100. Mwenye kuitazama ramani hudhani kwamba aweza kutweka tanga upande mmoja, akazunguka, na kurudi alikotoka. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipo.

Kupro ilipata uhuru wake kutoka kwa Waingereza katika mwaka wa 1960. Wagiriki na Waturuki wa kisiwani wakahitilafiana, hata ilipofika 1974 pakatokea mapinduzi, na jeshi la Uturuki likaingia. Tangu hapo kisiwa kimekatwa mapande mawili, na katikati pana ukanda unaolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Mwaka huo huo serikali ya Jamhuri ya Kupro ilitangaza kwamba bandari za kaskazini, kama Famagusta na Kyrenia, zimefungwa. Kuingia kisiwani kwa bandari hizo ni kosa mbele ya sheria yake, na nahodha aendaye huko kisha akaja kusini aweza kushitakiwa. Kwa hiyo kuzunguka kisiwa kizima kwa likizo ya familia si shauri jema. Huo si uchache wa ushujaa. Baba hana haki ya kuwatia mkewe na wanawe katika mashaka ya mahakama kwa kupenda kwake duara kamili juu ya karatasi.

Shauri letu ni kwamba safari ya chombo iwe ya upande wa kusini na magharibi peke yake, na kaskazini kuendewe kwa nchi kavu. Tangu 2003 watu wamefunguliwa vituo vya kuvukia, na katika mji wa Nicosia mtu huvuka kwa miguu na pasi yake mkononi. Huko Kyrenia, ndani ya ngome, mna mabaki ya jahazi la biashara lililozama zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, likagunduliwa na mpiga mbizi mnamo 1965. Ndani yake mlikutwa mitungi kwa mamia na lozi kwa maelfu. Watoto watakaoliona watajifunza kwamba bahari ile imechukua watu na riziki zao tangu zama za kale, na kwamba si wote waliofika.

Sasa tuhesabu njia. Kutoka Limassol hadi Paphos, kwa kuizunguka rasi ya Akrotiri, ni karibu maili 40 za baharini. Kutoka Paphos hadi bandari ndogo ya Latchi, kwa kuipita rasi ya Akamas, ni kama maili 30. Mashua ya kukodi huenda kiasi cha maili tano kwa saa, basi siku ya kwanza ni saa nane, na ya pili ni saa sita. Kwenda na kurudi ni maili 140. Ukiwa na siku saba, utasafiri siku nne na kupumzika tatu. Hesabu hiyo ni ya haki. Wengi huongeza na Larnaca, ambayo ni maili 35 nyingine kila upande, wakajikuta kila siku wamo mbioni. Huhesabu maili, wakasahau kuhesabu watoto. Mtoto aliyetapika saa nane hataipenda bahari tena. Kwa hiyo Larnaca iendewe kwa gari, na kwa kuwa uwanja wa ndege u karibu na ziwa lile la chumvi, kaburi la Umm Haram laweza kuzuriwa siku ile ile ya kufika. Hapo tumwombee bibi yule rehema na tuzingatie mwisho wetu. Tusimwombe yeye haja, kwani mwenye kukidhi haja ni Mwenyezi Mungu pekee.

Pepo nazo zina tabia yake. Wakati wa kiangazi, upepo hutoka magharibi mara nyingi: asubuhi bahari hutulia, na alasiri upepo hushika nguvu. Aendaye Paphos kutoka Limassol huenda kwa bisho. Basi na ang'oe nanga mara baada ya sala ya Alfajiri, afike kabla upepo haujachacha. Wakati wa kurudi upepo utakuwa nyuma yake. Miezi iliyo bora ni Mei na Juni, tena Septemba na Oktoba. Julai na Agosti jua ni kali na bandari zimejaa. Katika pwani ya Lara, upande wa magharibi, kasa hutaga mayai yao, na tangu Juni hadi Septemba vyombo vimekatazwa kukaribia. Agizo hilo tulitii kwa moyo mkunjufu, kwani viumbe wale ni amana.

Kuhusu chombo, ziko njia mbili: kukodi pamoja na nahodha, au bila nahodha. Njia ya pili yahitaji cheti cha kuongoza mashua, tena yahitaji mtu aliyezoea kweli, si aliyesoma tu. Familia ya mara ya kwanza na imchukue nahodha. Kabla ya kutia sahihi mapatano, atakiwe aeleweshwe mambo matatu: kwamba chomboni hamtaingia ulevi wala nyama ya nguruwe; kwamba wanawake wanataka chumba chao na sitara yao; na kwamba nyakati za sala zitaheshimiwa katika kupanga mwendo. Mambo haya yakisemwa mapema kwa adabu, aghalabu hukubaliwa. Yakisemwa katikati ya bahari huwa ugomvi. Chakula si taabu: samaki ni halali, matunda na mboga ni tele, na nyama iliyochinjwa kwa sheria na iulizwe mjini kabla ya kuondoka.

Sala baharini haina udhuru wa kuachwa. Kibla cha Kupro kiko kusini na kuelekea kidogo mashariki, yapata digrii 156 ukihesabu kutoka kaskazini, na dira imo chomboni daima; basi hapana wa kusema hakujua. Awezaye kusimama na asimame. Ashikwaye na kizunguzungu au achelea kuanguka na akae. Chombo kikigeuka, mwenye kusali sala ya faradhi na ageuke kuelekea kibla kadiri awezavyo. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala kwa masharti yake yajulikanayo, na ruhusa hiyo ni sadaka ya Mwenyezi Mungu, haifai kuionea haya. Kijana apewe kazi ya kuitazama dira na kutangaza wakati. Atajifunza fikihi na ubaharia kwa pamoja.

Limebaki jambo lililo zito kuliko yote. Watu wetu wa pwani wana sababu ya kuicha bahari. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba hali imepakia watu kupita kiasi, na mamia wakafa. Baada ya misiba kama ile husikika watu wakisema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Methali hiyo ni ya kumliwaza aliyefiwa. Haikuwekwa iwe ruhusa ya kuacha kuukagua usukani. Kila mtu chomboni awe na jaketi lake la kuokolea, la kimo chake, na mtoto avae lake tangu gatini. Redio ijaribiwe, na watu wazima wawili angalau wajue kuita msaada katika njia ya 16. Habari za hewa zisomwe kila asubuhi, na nahodha akisema leo hatutoki, basi hapatoki, hata kama fedha zimekwisha lipwa. Fedha hurudi, roho hairudi.

Na wale wasemao kwamba bahari si mahali pa wanawake, tunawarudisha kwa Umm Haram. Mtume (S.A.W.) hakumkataza, alimwombea. Alisafiri na mumewe, katika msafara uliopangwa kwa idhini ya khalifa, na bahari iliyoogopwa na wengi haikumdhuru. Ajali yake ilimngoja nchi kavu, juu ya mgongo wa mnyama. Hapa pana mafunzo mawili, na hayatengani: ajali haikimbiwi kwa kukaa nyumbani, na tahadhari haiachwi kwa kuitegemea ajali. Umar alipochelea na Uthman aliporuhusu, wote wawili walikuwa wakiwahurumia watu walio chini ya amana yao. Na kila mkuu wa nyumba ni mchunga wa watu wake.

Basi mwenye uwezo na apange, ahesabu, aulize, kisha ategemee. Atakapokanyaga chombo aisome dua ya Nabii Nuhu iliyomo katika Sura Hud, awafundishe na wanawe. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafikishe salama wasafiri wetu wa bara na bahari, na awarudishe majumbani mwao wakiwa wamezidi kumjua na kumshukuru. Wabillahi taufiki.