Vyura Wenye Sumu Majumbani: Ufugaji, Uzazi na Hatari kwa Afya ya Binadamu

Vyura wa mishale ni vyura wadogo wa misitu ya mvua ya Amerika ya Kati na Kusini. Wengi wao hawazidi urefu wa sentimita 5, na ngozi zao zina rangi kali za manjano, buluu, nyekundu na nyeusi. Jina lao limetokana na desturi ya Waembera wa Kolombia waliokuwa wakipaka ute wa ngozi ya baadhi ya vyura hao kwenye vishale vya kupuliza, ingawa ni spishi chache tu zilizotumika hivyo. Wawindaji wa uwanda wa kati wa Tanzania hawajawahi kuhitaji chura kwa kazi hiyo: Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi hupata sumu ya mishale kutoka kwenye mimea.

Aliye mkali kuliko wote ni chura wa manjano wa Kolombia, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1978. Ngozi yake hubeba takribani miligramu 1 ya batrakotoksini. Sumu hiyo hushikilia wazi milango ya sodiamu katika neva na misuli, hivyo neva hushindwa kujirudisha katika hali ya utulivu, misuli hupooza na moyo hupoteza mapigo yake ya kawaida. Hakuna dawa mahususi ya kuitangua.

Pamoja na hayo, maelfu ya watu Ulaya na Marekani huwafuga vyura hawa sebuleni bila kudhurika. Sababu yake ni chakula. Chura wa mishale hatengenezi sehemu kubwa ya sumu yake. Huikusanya kutoka kwa sisimizi, utitiri na wadudu wengine wadogo anaowala msituni. Chura wa manjano aliyekamatwa porini huendelea kuwa na sumu kwa miaka kadhaa, ilhali watoto wake waliozaliwa ndani ya tangi la kioo na kulishwa inzi wa matunda hawana sumu hiyo kabisa. Katika baadhi ya spishi, mama huwapelekea viluwiluwi wake mayai yasiyorutubishwa kuwa chakula, na kupitia mayai hayo huwarithisha pia kiasi cha sumu. Malezi ya namna hiyo ni adimu kwa vyura, na huwapa wafugaji furaha kubwa kuyashuhudia: yai hutagwa juu ya jani, mzazi huliangalia lisikauke, kisha hubeba kiluwiluwi mgongoni hadi kwenye kidimbwi kidogo katikati ya majani ya mimea ya jamii ya nanasi.

Mtu wa Dodoma anayevutiwa na picha za vyura hawa hukabiliwa kwanza na hali ya hewa. Vyura wa mishale huhitaji unyevu wa hewa wa asilimia 80 au zaidi na joto la nyuzi 22 hadi 27 mwaka mzima. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni ya upepo mkavu. Aidha, biashara ya kimataifa ya vyura hawa husimamiwa na mkataba wa CITES. Kwa hiyo kishawishi kilicho karibu zaidi ni kuokota chura wa nyumbani mwenye rangi nzuri na kumtia kwenye chombo, na hapo ndipo hoja ya kwamba chura wa kufugwa hana sumu inapogeuka kuwa hatari.

Mvua za kwanza zinapolowesha vichuguu vya uwanda wa kati, hutokea chura mweusi mwenye michirizi miwili mekundu au ya rangi ya chungwa mgongoni na madoa ya rangi hiyo miguuni. Harukiruki kama vyura wengine, hutembea. Hula mchwa na sisimizi, na mara nyingine huingia ndani ya nyumba. Kisayansi huitwa Phrynomantis bifasciatus. Ute wake huua vyura wengine wakiwekwa naye katika chombo kimoja. Kwa binadamu, kumshika kwa muda mrefu kwa mikono yenye michubuko kumewahi kusababisha uvimbe wenye maumivu, kichwa kuuma, kichefuchefu, mapigo ya moyo kwenda mbio na kupumua kwa shida. Mtoto anayemkuta chura wa namna hii huona kitu cha kuchezea tu.

Chura mkubwa wa kawaida mwenye ngozi ya mabaka na vinundu, anayekaa chini ya mitungi na kuvizia wadudu kwenye mwanga wa taa, ana sumu ya aina nyingine. Tezi mbili zilizo nyuma ya macho yake hutoa ute mweupe wenye kemikali zinazofanana na digoksini, dawa ya moyo. Kemikali hizo huzuia pampu ya sodiamu na potasiamu katika chembe za moyo, kama zinavyofanya sumu kadhaa za mishale zitokanazo na mimea ya Afrika Mashariki. Chura huyu huitengeneza sumu yake mwenyewe kutokana na kolesteroli, kwa hiyo kumlisha chakula cha nyumbani hata kwa miaka hakumwondolei chochote. Kumgusa kwa kawaida hakudhuru. Madhara hutokea ute unapoingia machoni, kinywani au kwenye jeraha, na zaidi mtu anapomla.

Mgonjwa aliyemeza sumu hii hutapika, huumwa tumbo, na mapigo ya moyo huweza kushuka au kupotea mpangilio. Kiwango cha potasiamu katika damu kinaweza kupanda. Mhudumu wa zahanati ahakikishe njia ya hewa iko wazi, ahesabu mapigo mara kwa mara, atumie atropini ikiwa moyo unakwenda polepole mno, na ampe mgonjwa rufaa mapema kwenda hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo. Kingamwili za digoksini zimesaidia wagonjwa walio mahututi mahali zinapopatikana. Anayemhudumia mgonjwa huyu ajihadhari na dawa ya digoksini yenyewe, kwa kuwa itaongeza sumu juu ya sumu. Ute ukiingia machoni, jicho lioshwe kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 15 kabla ya safari ya hospitali. Aliyeshika chura yeyote anawe kwa sabuni kabla ya kugusa uso. Maziwa, mafuta ya taa na majivu havina nafasi katika huduma hii.

Hata hivyo, kwa familia nyingi sumu si tatizo kubwa kuliko yote. Chura mzima kabisa, asiye na dalili yoyote, huweza kubeba bakteria wa salmonela tumboni na kuwatoa katika maji anamoishi. Kati ya mwaka 2008 na 2011 nchini Marekani, watu 376 katika majimbo 44 waliugua salmonela iliyohusishwa na vyura wadogo wa majini wenye asili ya Afrika, waliozalishwa kwa ajili ya ufugaji wa nyumbani. Wengi walikuwa watoto wadogo. Vyura hao hawana sumu ya kutisha, wala hushikwi mara kwa mara. Maambukizi yalipita zaidi katika maji ya tangi, yale yanayomwagwa kwenye sinki la jikoni au kubadilishwa kwa ndoo ambayo baadaye huchotewa maji ya kuoshea vyombo.

Kwa mtu mzima mwenye afya njema, ugonjwa huu kwa kawaida ni homa na kuhara kwa siku chache. Kwa mtoto mwenye utapiamlo au malaria kali, na kwa mtu anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka, bakteria hao huweza kuingia kwenye damu. Kwa mgonjwa wa selimundu huweza kujenga makazi ndani ya mfupa. Mtoto wa selimundu anayelalamika maumivu ya mfupa mmoja yasiyoisha, pamoja na homa, anastahili kuchunguzwa kwa kina, na swali la wanyama wanaofugwa nyumbani liulizwe pamoja na lile la maji ya kunywa. Nyumba yenye mgonjwa wa aina hiyo, mjamzito au mtoto wa chini ya miaka 5 isifuge vyura. Penginepo, chombo cha chura kiwe na ndoo na sponji yake, na maji yake yamwagwe chooni.

Upo pia ugonjwa unaosafiri kinyume, kutoka kwa mfugaji kwenda kwa vyura. Ni wa kuvu aina ya kitridi, usiompata binadamu, lakini huharibu ngozi ya chura ambayo kwake ni kiungo cha kupumulia na kusawazisha chumvi. Hospitali nazo zilishiriki katika kusafirisha vyura duniani: tangu miaka ya 1930, vyura wa kucha wa Afrika Kusini walipelekwa katika maabara nyingi ili kupima ujauzito. Mkojo wa mwanamke ulidungwa kwa chura jike, naye akitaga mayai katika saa chache zilizofuata, ujauzito ulithibitishwa.

Tanzania inaifahamu kuvu hiyo kutokana na Kihansi. Chura mdogo wa manjano aliyegunduliwa mwaka 1996 katika rasharasha za maporomoko ya mto huo, anayezaa watoto hai badala ya kutaga, alipoteza unyevu wake maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme. Mwishoni mwa mwaka 2000, vyura 499 walipelekwa Marekani kuzalishwa. Waliobaki bondeni walipungua ghafla mwaka 2003, wakati ambapo kuvu hiyo ilibainika, na mwaka 2009 spishi hiyo ilitangazwa kutoweka porini. Vyura 100 walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na kuanzia mwaka 2012 baadhi waliachiwa tena Kihansi. Anayeingia bondeni leo hutakiwa kwanza kutakasa viatu vyake kwa dawa.