Mtoto Atunge Mwenyewe

Wanachama, huenda wengine wenu mkashangaa kuona Mpanda imetajwa katika karatasi ya wakulima wa karafuu. Mpanda iko bara, mbali na bahari, mwisho wa njia ya reli itokayo Kaliua. Reli hiyo ilijengwa kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi, na tangu mwaka 2012 mji huo ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Huko hakuna mikarafuu. Lakini tumbaku ipo, na mkulima wa tumbaku ni ndugu yetu kwa jambo moja: fedha yake huja kwa msimu, tena kwa mkupuo. Kabla ya soko hana kitu. Baada ya soko hata kijana aliyesaidia kuchuma majani ana noti mfukoni. Kwetu ni hivyo hivyo kwa kijana anayelipwa kwa pishi. Muuza bangi wa kule na muuza unga wa hapa wanaijua misimu hiyo kama tuijuavyo sisi.

Tena tusijione safi mno. Kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu alikuwa Indonesia, ambako husagwa na kuchanganywa na tumbaku kwa sigara ziitwazo kretek. Basi wa karafuu na wa tumbaku tuna haki, na deni pia, ya kuzungumza juu ya watoto na ulevi.

Sheria zipo: Bara ile ya 2015, Zanzibar ile ya 2021. Kwa waliokwisha kunaswa, tiba ya methadoni hutolewa Kidongo Chekundu tangu 2015. Sisi twasema juu ya wasionaswa bado, wale wa miaka kumi na miwili hadi kumi na minne, ambao wazee wetu wangewaweka katika shule ya kati.

Desturi ya shule nyingi twaijua. Inafika tarehe 26 Juni, mgeni anakuja, anatoa hotuba, anaonyesha picha za kutisha, watoto wanapiga makofi. Mtoto hurudi nyumbani amejifunza majina mapya ya dawa, wala hajui atasema nini binamu yake atakapomwita nyuma ya banda.

Wamarekani waliijaribu njia ya hotuba kwa ukubwa wa nchi yao. Mwaka 1983 polisi wa Los Angeles walianza kuingia madarasani, na mpango wao ukaenea kila upande. Wataalamu walipopima katika miaka ya 1990, waliofundishwa na wasiofundishwa walikuwa karibu sawa. Ndipo huko Phoenix, Arizona, wengine wakaanza upande wa pili: waliwauliza vijana wenyewe jinsi walivyoshawishiwa na jinsi walivyojinasua. Visa hivyo viliigizwa na vijana katika filamu, vikafundishwa katika shule za kati 35. Njia walizozitoa ni nne: kukataa, kueleza sababu, kuepuka na kuondoka. Matokeo yalitangazwa 2003: waliofundishwa walitumia pombe, sigara na bangi kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2009 wale wa mpango wa polisi wakayachukua mafunzo hayo hayo. Walipoyajaribu kwa watoto wa darasa la tano, lakini, faida haikuonekana. Umri una kazi yake.

Hata hapa nyumbani si jambo geni. Mathias Mnyampala alitupa ngonjera, na shule zetu hazijaiacha. Mchezo wa redio Twende na Wakati ulipoanza 1993, Dodoma haukusikika hadi 1995, na hivyo watafiti wakapata mahali pa kulinganisha: uzazi wa mpango ulikubalika zaidi kule ulikosikika.

Sasa fikirini darasa la Mpanda. Yumo mtoto wa Mpimbwe, wa Mbende, wa Msukuma mwenye ng'ombe, na wa familia zilizotoka Burundi mwaka 1972 zikakaa Katumba na Mishamo. Bango lililochorwa Dar es Salaam litasema na nani hapo? Mwalimu na awaache watunge: kijana ametoka sokoni na fedha ya tumbaku, mkubwa wake anamwambia, "Onja kidogo tu, kwani wewe si mwanamume?" Atajibu nini? Wakishindana kutafuta jibu ambalo halitamwaibisha mbele ya wenzake, kazi kubwa imekwisha fanyika. Baadaye iwe ngonjera, picha za kufuatana, gazeti la ukutani, au mchezo uliorekodiwa kwa simu ya mwalimu. Twasisitiza mambo mawili tu. Mlevi anayejulikana kijijini asiigizwe, maana ana mama. Na namna ya kuitumia dawa isionyeshwe kamwe, hata kwa nia njema.

Twapendekeza matawi yazungumze jambo hili kabla ya vuno, si baada yake, wakati shule bado zina wanafunzi na kambi za wachumaji hazijafunguliwa. Gharama ni daftari, rangi na zawadi ndogo. Kilo chache za karafuu zatosha. Na tawi litakalopenda liombe shule moja ya Mpanda ibadilishane michezo na shule moja ya Pemba. Mtoto wa karafuu asikie kijana wa tumbaku alivyojibu, naye ampelekee jibu lake.