Je, Wajua? Stonehenge ya New Zealand
Je, wajua kwamba New Zealand nayo ina Stonehenge yake, kama lile duara la kale la mawe la Uingereza? Iko karibu na mji wa Carterton. Ilijengwa na wanachama wa Chama cha Astronomia cha Phoenix waliojitolea, ikafunguliwa mwaka 2005. Duara lake lina upana wa mita 30 na nguzo 24. Si nakala ya ile ya Uingereza, kwani vipimo vyake vilipangwa upya kufuata anga la kusini. Nje ya duara, alama huonyesha jua linapochomoza na kuzama siku ambazo mchana ni mrefu kupita zote, mfupi kupita zote, au sawa na usiku. Ndani, mnara wenye tundu hukuelekeza kwenye ncha ya kusini ya anga, ambayo nyota huonekana zikiizunguka usiku kucha.