Kununua Gari Kuukuu la Porini: Mambo ya Kutazamwa Kabla ya Kutoa Fedha

Mtu aendapo soko la mifugo la Garissa kununua ngamia, hamnunui kwa kuitazama ngozi yake tu. Humfungua kinywa akayatazama meno apate kujua umri wake. Humtembeza aone kama anachechemea. Hulishika nundu ajue kama mnyama alikuwa akishiba. Kisha huuliza amelishwa wapi na kwa nini anauzwa. Wala haoni haya kuondoka bila kununua. Lakini mtu yule yule, akionyeshwa gari kuukuu lililopakwa rangi mpya, mara nyingi hulizunguka mara moja, akapiga gurudumu teke, akatoa thamani ya mifugo ya miaka mingi. Ajabu hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike maneno haya.

Wenye haja ya gari la namna hii si wachache. Mkulima wa ukingoni mwa mto Tana ana maembe, ndizi na matikiti, nayo hayangoji. Karani aliyestaafu ana kiinua mgongo chake na shamba la jamaa zake lililo mbali na lami. Mfugaji ataka kuwapelekea watu wake maji na unga huko malishoni. Wote hawa gari jipya hawaliwezi kwa bei. Basi hutafuta kuukuu.

NCHI YENYEWE

Kutoka Nairobi hata Garissa ni kama kilomita 370, na njia ni ya lami. Lakini mtu akiiacha lami hiyo na kuelekea Balambala au Hulugho, atakutana na mchanga, miiba, na udongo mweusi ambao ukinyeshewa hushika magurudumu kama gundi. Mvua ya Garissa ni kama milimita 300 tu kwa mwaka, lakini huja kwa nguvu na kwa muda mfupi. Mwezi wa Novemba 2023, na tena mwezi wa Aprili 2024, mafuriko ya Tana yaliikata hata barabara kubwa karibu na Madogo. Tena katika njia ndogo za porini, gari likiharibika, mtu aweza kushinda kutwa asione gari jingine. Kwa hiyo swali la kwanza si kama gari linapendeza. Swali ni kama litakurudisha nyumbani, wewe na watoto uliowapakia nyuma.

NI MAGARI GANI?

Pikipiki ya magurudumu manne, ipendwayo na wakulima wa Australia na New Zealand, huonekana kwetu mara chache, na kupata spea zake ni taabu. Kwetu kazi hii imefanywa miaka mingi na Land Rover na Toyota Land Cruiser.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Baada ya vita chuma kilikuwa haba Uingereza, kwa hiyo watengenezaji waliifanya bodi yake kwa aluminiamu. Zile zilizoanza kutengenezwa mwaka wa 1958 na kuendelea hata 1985 ndizo ambazo mnunuzi wa kikuukuu huzikuta zaidi: fupi ya inchi 88 na ndefu ya inchi 109 baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Land Cruiser ilipata jina hilo mwaka wa 1954. Ile ya namba 40 ilianza 1960, na ile ya namba 70, ambayo polisi na mashirika wanaitumia sana huku kwetu, ilianza 1984.

Yafaa pia kukumbuka kwamba sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari kuukuu lililopita miaka 8. Basi gari lenye umri wa miaka 30 utakalouziwa limekwisha kufanya kazi nyingi hapa hapa, na kila shimo lililopigwa limeandikwa mwilini mwake. Kazi ya mnunuzi ni kuyasoma maandishi hayo.

ANZA CHINI, SI JUU

Vua shati, ulale chini ya gari. Bodi ya aluminiamu haipati kutu kama chuma, lakini chesisi iliyo chini yake ni chuma. Watu wengi wamedanganywa na bodi safi iliyokaa juu ya mifupa iliyooza. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo toka mbele hata nyuma: chuma kizima hulia, chuma kilichooza hunyamaza. Tazama sana pale springi zinaposhikwa, na sehemu ya nyuma kabisa. Gari lililokaa Garissa, penye hewa kavu, kwa kawaida huwa na nafuu kuliko lililokaa Mombasa au Lamu penye hewa ya chumvi.

Tafuta pia alama za mafuriko: tope kavu ndani ya taa na chini ya viti. Fungua vifuniko vya mafuta ya ekseli. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na beringi zinakufa polepole.

INJINI NA PUMZI ZAKE

Fika asubuhi, bila kutoa habari, uikute injini ingali baridi. Muuzaji akiwa amekwisha kuiwasha kabla hujafika, jiulize sababu. Iwashe, kisha tazama moshi. Moshi wa buluu maana yake injini inakula mafuta yake yenyewe. Moshi mweusi mzito maana yake petroli au dizeli haiungui vizuri. Moshi mweupe usiokoma hata injini ipatapo moto, na maji yakipungua katika rejeta, ni dalili ya maji kuingia ndani ya injini. Hiyo ni gharama kubwa.

Jua la Garissa halina huruma kwa rejeta. Endesha gari muda wa saa nzima wakati wa adhuhuri, likiwa na mzigo, na uangalie kipimo cha joto. Gari linalostahimili robo saa ya asubuhi halijathibitisha kitu.

Watu husema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kuvuja kwa injini si nafuu ya mtu yeyote, ingawa Land Rover kuukuu isiyotoa hata tone moja ni nadra. Tofautisha tone na mchirizi.

GIA NA MAGURUDUMU MANNE

Wengi hununua gari la magurudumu manne yenye nguvu bila kujaribu hata mara moja kama yote manne yanavuta. Katika Land Rover hizo za zamani, kifundo cha manjano huunganisha magurudumu ya mbele, na chekundu huingiza gia za nguvu. Jaribu vyote viwili mchangani, usivijaribu kwenye lami, kwa maana palipo pagumu mashine hujikaza yenyewe na kuumia. Kisha teremka mteremko na uachie mafuta: gia ikijirusha nje yenyewe, sanduku la gia limechakaa.

Shafti za nyuma za Land Rover hizo ni dhaifu na huvunjika. Hata hivyo dereva ajuaye kazi yake aweza kuitoa shafti iliyovunjika na kufika nyumbani kwa kuvutwa na magurudumu ya mbele. Ndiyo maana nasisitiza: la mbele lisilofanya kazi si jambo dogo. Breki nazo zijaribiwe na mzigo, kwa sababu gari likishindwa kwenda litakuchelewesha, bali likishindwa kusimama litaua.

HATI NA HESABU

Linganisha namba ya chesisi na namba iliyo katika kitabu cha gari, tarakimu kwa tarakimu, na uhakikishe jina la mwenye gari kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA). Usimalize kulipa kabla ya uhamisho wa jina kuanza. Neno la dalali, hata akiwa ndugu, si hati.

Mwisho, fanya hesabu. Ukiwa na fedha za kutosha kununua gari tu, basi huna fedha za kununua gari. Weka kando robo moja kwa matairi, springi na matengenezo ya kwanza. Waulize mafundi wa mjini ni gari gani wanalolijua na ambalo spea zake hupatikana bila kutuma mtu mpaka Kirinyaga Road, Nairobi. Kwa sababu hiyo watu wengi wa Garissa huchagua Land Cruiser, ijapokuwa bei yake ni kubwa zaidi. Anayechagua Land Rover na awe tayari kuchafua mikono yake mwenyewe.

Tena usione aibu kuhesabu kama gari lenyewe lahitajika. Mwenye mavuno ya miezi miwili kwa mwaka huenda akapata faida zaidi kwa kukodi gari siku za mavuno, na siku nyingine kutumia mkokoteni wa punda. Ng'ombe huzaa hata mwenyewe akilala. Gari hula hata likiwa limesimama. Mtu akibadilishana kilichozaa kwa kinachokula, na awe amekilalia chini na kukigonga kwa nyundo kwanza.